Mashine Isiachwe Juani

Simu ya Hawo ilinikuta katika kiwanda kimoja cha mabati ambako nilikuwa nimeitwa kuwafundisha wasimamizi namna ya kuchunguza ajali kazini. Nilikuwa nimeandika ubaoni "Kwa nini?" mara tano, moja chini ya nyingine, na nilikuwa karibu kuwaeleza kile ninachowaeleza watu wote: kwamba ukiuliza mara moja utapata mtu wa kulaumu, na ukiuliza mara tano utapata kitu cha kurekebisha. Nimeisema sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na bado inawafurahisha watu, wanaiandika kwenye madaftari yao na kuipigia mstari. Nikaona namba ya Garissa, nikatoka nje. "Mama Yunis," sauti ilisema, "mimi ni Hawo, binti ya Bare. Abo, baba yangu, amefariki jana alasiri. Tumeshamzika." Nikampa pole, nikauliza alikuwa akiumwa nini, akasema kifua, kile kifua chake cha siku zote. Kisha akasema, "Kwa simu yake umeandikwa Yunis wa ofisi. Nikaona nikuambie, kwa sababu kila Idd ulikuwa unampigia." Nilirudi ndani, nikafuta ubao, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba nimefiwa. Mmoja akauliza aliyefariki ni nani wangu. Sikujua Bare nimwite nani wangu, nikasema ni mtu tuliyefanya naye kazi.

Nilifika Garissa siku ya tatu ya msiba. Nyumba yake iko katika bulla moja, yaani mtaa, nyuma ya soko la mifugo, vyumba viwili vya mawe na kimoja cha mabati, na wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Mimi nilivua viatu, nikafunika kichwa, nikaingia kwa wanawake. Chumba kilikuwa na mikeka ukuta hadi ukuta, mito mirefu ya kuegemea, chupa za chai zimepangwa penye dirisha, na sinia la wali lenye nyama ya mbuzi na ndizi mbivu juu yake ambalo hakuna aliyeligusa kwa hamu. Nilipewa mikono, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiniambia "samir iyo iman", wakinitakia subira na imani kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Karibu na mlango alikaa mama mwembamba wa makamo, peke yake kwenye mkeka ambao ungetosha watu wanne. Hakulia, wala hakula. Jirani mmoja, mwalimu aliyetoka bara kama mimi, akaniinamia na kuninong'oneza, "Yule ni Halima, dada wa marehemu. Hajaingia nyumba hii tangu huyu Hawo azaliwe. Walikosana baada ya mume wake kufa." Nikasema, "Aa." Sikumuuliza alikufaje, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ripoti ya kifo hicho.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijua kila kitu. Niliajiriwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa akichimba na kusafisha matangi ya maji vijijini, na cheo changu kilikuwa karani wa stoo na usalama kazini, kwa maana kwamba nilitunza funguo na nilikuwa na kofia ya plastiki ambayo sikuwahi kuivaa. Ofisi yetu mjini Garissa ilikuwa chumba kimoja chenye feni ya dari iliyozunguka umeme ukijisikia, ramani ya wilaya ukutani, na meza mbili, yangu na ya Injinia Kilonzo. Nyuma kulikuwa na stoo, na stoo ndiyo iliyokuwa na uhai. Vijana wa kazi waliporudi kutoka Ijara au Kotile walikaa humo juu ya mapipa matupu, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi nyingi kuliko nilivyozoea, na kupokezana mkebe wa nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo sana ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli. Nyirinyiri ilikuwa ya Halima. Mume wake, Yussuf, aliubeba mkebe huo kila safari, na kila aliyechota alitakiwa kwanza kusema imepikwa na nani. Yussuf alikuwa mrefu kuliko wote, ndiyo maana wenzake walimwita Gaab, yaani mfupi. "Yunis," alikuwa akiniambia mdomo umejaa, "wewe bunguza kuandika, ongeza kula. Mtu wa stoo gani nyembamba kama msumari?" Na Bare, shemeji yake, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikosi, angemkemea kwa upole: "Wacha yeye, Gaab. Yeye nafanya kazi." Bare aliniita walalo, ndugu, tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa mgeni, Mkristo, na sikujua hata kuamkia, lakini ndivyo alivyoniita, nami nikamwita hivyohivyo.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Matangi ya chini ya ardhi, ambayo huko huitwa berked, yalikuwa yamekauka yakabakiza tope na maji machafu kidogo chini, na kazi yetu ilikuwa kuvuta maji hayo kwa pampu ya petroli na kuzoa tope kabla mvua haijanyesha. Pampu zikaanza kufa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Injinia Kilonzo alipiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Alikuwa mtu wa haraka, hakuwa mbaya, ila aliwaogopa wakubwa wa ofisi kuu na alitugawia hofu hiyo kila asubuhi. Sasa mimi nilikuwa nimetoka Nairobi, kwenye mafunzo ya wiki moja ya kutafuta chanzo hasa cha tatizo, na nilikuwa nawashwa kuonyesha nilichojifunza. Nikachukua chaki nikaandika nyuma ya mlango wa ofisi. Kwa nini pampu imekufa? Injini imekwama. Kwa nini imekwama? Imechemka kupita kiasi. Kwa nini imechemka? Inafanya kazi juani kutwa. Kwa nini iko juani? Vijana wanaiacha palepale inaposhushwa garini. Kwa nini wanaiacha? Hakuna aliyewaandikia sheria. Injinia aliusoma mlango ule mikono kiunoni, akanigeukia, akasema, "Huyu msichana ana kichwa." Wiki nzima alimwonyesha kila mgeni mlango ule. Sikumbuki kama nimewahi kusifiwa tena hivyo maishani, na nakiri kwamba hata sasa, nikijua yote niliyoyajua baadaye, nikikumbuka sifa ile bado naona raha kidogo.

Nikaandika sheria. Nilitumia kalamu nene nyekundu, herufi kubwa, karatasi nzima: MASHINE ISIACHWE JUANI. IFANYE KAZI KIVULINI WAKATI WOTE. ATAKAYEKAIDI ATAACHISHWA KAZI. Chini nikatia jina langu lote na sahihi yenye mkia. Nikaigonga kwenye mlango wa stoo kwa misumari minne, mmoja kila pembe. Bare alikuja kuisoma. Alisoma Kiswahili polepole, kidole kikifuata herufi, na alipofika mwisho alirudi juu akaanza upya. Kisha akaja mezani kwangu. "Walalo," akasema, "huko Kotile tunaenda, miti hakuna. Iliyokuwa karibu watu wamekata ya boma ya mifugo. Sasa kifuli mimi natoa wapi?" Nilikuwa nahesabu glavu. Nikacheka, nikamjibu bila kuinua kichwa, "Tafuta popote, Bare. Si wewe ndiye msimamizi?" Yussuf alikuwa nyuma yake na mkebe wake. "Mimi nitasimama," akasema, "mashine nakaa chini yangu." Wote tukacheka, hata Bare. Mimi Kotile nilikuwa naijua kwa ramani tu, nukta ndogo kusini, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba nukta haina miti.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini hakusema zaidi. Angeweza kunibishia, alikuwa na umri wa kunibishia. Lakini karatasi ilikuwa na neno la kuachishwa kazi, ilikuwa nyekundu, na ilitoka kwa mtu aliyesoma Nairobi. Siku hizi nikiingia kiwandani jambo la kwanza ninaloangalia ni matangazo ya ukutani, na nikiona lenye vitisho huuliza nani aliliandika na kama amewahi kufanya kazi hiyo inayokatazwa. Wananiona mkorofi. Mara moja meneja fulani aliniambia, "Mama, wewe unachunguza karatasi badala ya ajali." Nikamwambia kwangu hivyo ni kitu kimoja, akadhani natania.

Ilikuwa saa nne asubuhi, chai ikiwa jikoni, redio ya ofisi ilipoita. Sauti ya dereva wetu ilikuwa ikikatika. Alisema Gaab ameingia tangini na hajatoka, na Bare amemfuata. Injinia alinipokonya chombo mkononi, akawa anauliza maswali ambayo hayakujibiwa. Tulikaa nusu saa tukiitazama redio. Ilipoita tena dereva alisema Bare ametolewa, anapumua. Injinia akauliza, "Na Yussuf?" Dereva akasema jina la Mungu, akarudia, na hatukuuliza tena. Kitu nilichofanya baada ya hapo nakumbuka vizuri kwa sababu kilikuwa cha kipumbavu: niliingia stoo nikatazama kama mkebe wa nyirinyiri umebaki. Haukuwapo. Alikuwa ameubeba kama kawaida.

Siku iliyofuata tulikwenda Kotile. Nilikuwa na fomu za uchunguzi kwenye jalada na kofia ya plastiki mapajani. Nilichokiona pale nikishuka garini kilikuwa uwazi tu, mchanga mwekundu na vichaka vya kufika magotini, mpaka macho yanapokomea. Palikuwa na boma la miiba, nyumba tatu za mikeka, na berked lenyewe: shimo la mstatili lililojengewa kwa mawe na saruji, limeezekwa mabati kuzuia maji yasikauke, na upande mmoja lina mlango mdogo na ngazi ya kushukia. Jua lilikuwa la saa sita. Mama mwenye boma alipoona nakunja uso alimwita binti yake kwa Kisomali, na binti akachukua mkeka akatafuta pa kuutandika. Hakutafuta sana. Aliutandika kwenye ngazi ya juu ya tangi, chini ya ukingo wa mabati, akanipapasia mahali pa kukaa. "Kaa kifulini, mgeni," mama akasema, "hapa ndio bazuri." Nikakaa. Baridi ikapanda kutoka chini, ikanishika vifundo vya miguu, ikapanda hadi magotini. Ilikuwa raha. Chini kidogo, kwenye kitako cha ngazi, nikaona alama nne za miguu ya pampu kwenye saruji, na doa la mafuta. Wakaniletea chai. Sikuweza kuinywa, na mama yule akadhani siipendi.

Mambo yalikuwa yametokea hivi. Walifika alfajiri, wakatafuta kivuli kama walivyoandikiwa, na kivuli pekee cha Kotile kilikuwa ndani ya tangi. Bare akaamuru pampu ishushwe kwenye kitako cha ngazi. Ikafanya kazi vizuri kuliko siku zote, haikuchemka hata kidogo, na wenyewe walifurahi. Moshi wake ukabaki humo ndani chini ya mabati, na katika moshi wa petroli kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hulegeza mtu kabla hajajua kwamba amelegea. Saa nne kasoro pampu ikazimika kwa kukosa mafuta. Yussuf akashuka na mtungi wa petroli. Walisikia mtungi ukianguka. Bare akajifunga kamba kiunoni, akazungusha kitambaa chake usoni, akashuka, akamkumbatia shemeji yake kifuani, na waliokuwa juu wakavuta. Wakawatoa wote wawili wamekumbatiana. Mmoja alikuwa na pumzi.

Nilimhoji Bare mwenyewe. Alikuwa amelazwa kwenye veranda ya hospitali kwa kuwa ndani kulijaa, amefunikwa shuka hadi kidevuni ingawa kulikuwa na joto, akikohoa kikohozi ambacho hakikuja kumwacha. Halima alikuwa ameketi miguuni pake, amejifunika uso. Bado alikuwa dada yake siku ile. Alimshikia kikombe cha maji, kikaisha, akaondoka kwenda kuteka mengine. Nikafungua fomu. Nikauliza, "Kwa nini Yussuf alikufa?" Akasema, "Moshi ya mashine." Nikaandika. Nikauliza, "Kwa nini mashine ilikuwa ndani ya tangi?" Akanitazama. Alikuwa na macho mekundu kwa sababu ya kukohoa, na hakuyaondoa usoni mwangu, wala hakukuwa na hasira ndani yake. "Mimi ndio nilishusha," akasema. Kisha akangoja. Niliona kwamba anangoja. Alijua kuna swali jingine, kwa sababu mlango wa ofisi alikuwa ameuona kama wote, na alijua kwamba huwa nauliza mara tano. Swali la tatu lilikuwa mdomoni mwangu: kwa nini uliishusha? Nikafunga kalamu, nikamwambia apumzike. Kwa mashine niliuliza mara tano, na kwa Yussuf niliuliza mara mbili.

Sitaki kumlaumu Injinia peke yake. Ni kweli nilimwambia, tukiwa ofisini sisi wawili, "Injinia, lile tangazo langu la kivuli..." Ni kweli alinikatiza. "Tangazo linasema kivulini," akasema. "Halisemi tangini. Sikiliza, Yunis. Ofisi kuu wakiona jina lako mlangoni, mimi sitaweza kukusaidia, na mimi mwenyewe nitaulizwa kwa nini nililiruhusu. Andika msimamizi." Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika, siku mbili baada ya Bare kutoka hospitali: chanzo cha ajali ni uzembe wa msimamizi, aliyeingiza mashine ndani ya tangi. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, ndiyo maana iliandikika kwa urahisi. Nilipomaliza nikatoka na nyundo kwenda kuing'oa karatasi yangu mlangoni. Haikuwapo. Misumari minne ilikuwa pale, na kila mmoja ulikuwa umeshika kipande kidogo cha pembe ya karatasi. Nikafikiri ni upepo, au kijana fulani amewashia moto wa chai. Nilifurahi. Naliandika neno hilo lilivyo, kwa kuwa ndilo nililohisi.

Ripoti ilisomwa barazani Kotile, mbele ya wazee na familia, Injinia akisoma na mtu mmoja akifasiri. Bare alikaa chini pamoja na wanaume, mgongo umepinda. Halima alikuwa upande wa wanawake. Mfasiri alipofika kwenye neno uzembe alisita akitafuta neno la kwao, akalipata, na nikaona kichwa cha Halima kikiinuka. Mpaka dakika ile alikuwa ameamini kwamba kaka yake alishuka kumfia mume wake. Sasa aliambiwa, na karatasi yenye muhuri, kwamba kaka yake ndiye aliyemuua. Alisimama, akajikung'uta mchanga, akapita mbele ya Bare. Bare alimwita, "Walalo." Hakugeuka. Wazee walimaliza shauri la kifo hicho kwa desturi yao, kwa kuwa walikuwa watu wa nyumba moja, na Halima akahamia Ijara na watoto wake. Tulirudi Garissa kabla ya magharibi, na njiani Injinia alinunua tikiti maji akanikatia kipande.

Bare aliachishwa kazi. Alikuja stoo kurudisha viatu na tochi, nikamwandikia stakabadhi. Nilitaka kusema kitu, na nadhani alikiona. "Walalo," akasema, "wewe bado mdogo, endelea na kazi." Akafika mlangoni, akasimama palepale ilipokuwa karatasi, akageuka. "Siku ingine ukitaka kuandika karatasi, kuja kwanza uone mahali." Akaenda. Baadaye nilisikia anateka maji mtoni na kuyauza kwa mkokoteni wa punda, na kwamba hakuwahi tena kuingia shimo lolote, hata la choo hakukubali kulichimba. Mimi nilihamishwa bara mwisho wa mwaka, nikasoma zaidi, nikapanda. Nimejenga kazi yangu yote juu ya lile neno lake la mwisho. Somo langu la kwanza, popote ninapofundisha, ni "nenda kwanza ukaone mahali", na watu huniuliza nimelitoa kitabu gani. Huwaambia ni uzoefu. Hata kisa cha tangi huwasimulia, ila ndani yake kuna karani fulani, katika nchi fulani kavu. Na kila Idd nilimpigia Bare simu, tukaulizana hali, nikasikia kikohozi chake, nikamuuliza watoto hawajambo, na tukaagana bila mmoja wetu kutaja kivuli.

Hawo alipoingia chumbani na mfuko wa nailoni sikushtuka. Nilidhani ni dawa za baba yake. Alipiga magoti mbele yangu. "Mama, hii ilikuwa pamoja na kitambulisho yake na kadi ya hospitali. Abo alisema tusitupe, lakini hakusema ni ya nini. Iko na jina lako." Ilikuwa imekunjwa mara nne, na wekundu wa wino ulikuwa umegeuka kahawia. Nilipoikunjua niliona kwamba haina pembe. Zote nne zilikuwa zimechanika. Nikakumbuka misumari, na nikajua ni mkono gani uliotangulia nyundo yangu. Angeweza kuipeleka barazani. Angeweza kuiweka mbele ya dada yake siku yoyote katika miaka ile yote, akasema, tazama, niliandikiwa. Hakufanya hivyo. Nimewafundisha mamia ya watu kutafuta chanzo, na chanzo cha jambo hilo moja sikijui. Labda aliona kwamba aliyeshusha mashine ni yeye hata kama ameandikiwa. Labda alinihurumia. Labda alingoja niseme mwenyewe, na kila Idd akipokea simu alifikiri huenda ni leo.

"Ni karatasi ya zamani ya ofisi," ningeweza kusema, na Hawo angeridhika. Halima alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Nikamwambia Hawo, "Nitaisoma, na wewe mfasirie edo, shangazi yako Halima. Usiache neno." Nikaisoma. Mashine isiachwe juani. Ifanye kazi kivulini wakati wote. Atakayekaidi ataachishwa kazi. Nikafika kwenye jina langu nikalisoma nalo. Sauti ya Hawo ilinifuata kwa Kisomali, ikapungua, na wanawake waliokuwa wakimimina chai wakaacha. Nikaeleza kwamba Bare aliniuliza kivuli atatoa wapi, nami nikamcheka. Nikaeleza mkeka kwenye ngazi. Nikaeleza swali la tatu, kwamba jibu lake lilikuwa karatasi hii, na kwamba sikuliuliza kwa sababu nililijua.

Halima alisema kwa Kiswahili, polepole, hakungoja mfasiri. "Yeye najua ni wewe?"

"Alijua. Ndiye aliyeitoa mlangoni."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Sijui, mama."

"Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa," nikasema. "Baadaye nikaona haya. Baadaye miaka ikapita, nikawa namwogopa hata yeye." Nilikuwa nalia wakati huo, na sikuwa na haki ya kulia kabla yake, lakini sikuweza kujizuia.

Alinyoosha mkono. Nikampa karatasi. Hakujua kusoma, ila aliipitishia kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akifanya kaka yake, kisha akaikunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. Akainuka kwa kushika ukuta. Nilidhani anatoka kwenda zake, na nilimwona Hawo akidhani hivyo pia. Hakutoka. Alivuka mikeka akapita kati yetu, akainua pazia la chumba alichokuwa akilala Bare, ambacho bado kilikuwa na kitanda chake na kofia yake kwenye msumari, akaingia. Pazia likarudi mahali pake. "Walalo," tukamsikia. "Walalo." Hakulia wala hakupaza sauti, aliita tu kama unavyomwita mtu aliyelala mchana na hutaki kumshtua. Akaita mara ya tatu, na sisi sote tukabaki tumeshika vikombe, tukimsikiliza akingoja aitikiwe.